Kila Kitu na Kivuli Chake

Nyumbani kwetu sufuria ikiondoka, kivuli chake hubaki ukutani kikiisubiri. Sizungumzii mambo ya majini. Nazungumzia debe moja la rangi nyeupe ya mafuta, na baba yangu.

Baba ni fundi magari. Kule gereji kwao kuna ubao mkubwa, na kwenye huo ubao kila chombo kimechorewa umbo lake kwa rangi. Spana namba kumi na tatu ina umbo lake, nyundo ina lake, koleo lina lake. Mafundi wanayaita vivuli. Jioni fundi mkuu husimama mbele ya ubao, na akiona kivuli kitupu, yaani umbo limebaki peke yake bila chombo, hakuna anayekwenda kwake mpaka chombo kipatikane, hata kama kimesahaulika ndani ya injini ya watu. Baba ana miaka kumi na tisa pale, na anaapa hawajawahi kupoteza hata bisibisi. Nyumbani tulikuwa tunapoteza bisibisi kila wiki, na yeye ndiye aliyeongoza.

Msimu wa joto ndio huharibu mambo. Joto likianza na shule zikifungwa, basi watu wote wako nyumbani na hakuna anayetaka kukaa ndani. Mikeka inatoka nje. Viti vinazunguka nyumba vikilikimbia jua. Jagi la maji linaonekana kila mahali isipokuwa mezani. Na katikati ya vurugu hiyo yuko mama yangu na cherehani yake pale barazani, anashona sare za shule, kwa sababu likizo ndefu ndiyo wazazi hugundua kwamba watoto wao wameota miguu. Hayo ndiyo mavuno yake. Sasa, siku moja mkasi wake ukapotea tangu asubuhi. Tukapekua nyumba nzima, tukapekuana hata sisi wenyewe. Saa nane mchana ukapatikana ndani ya friji, ubavuni mwa pakiti ya maziwa, umepoa vizuri.

Mama hakupiga kelele. Mama akipiga kelele una nafuu. Aliufuta tu ule mkasi kwa upindo wa gauni.

"Baba watoto," akasema, "hivi ninyi huko gereji mnawezaje?"

Lilikuwa swali tu, la mtu aliyechoka. Kesho yake Baba akarudi na debe la rangi.

Nami hapo nikauona upenyo wangu. Shule zikifunguliwa nilikuwa naingia mwaka wa mwisho wa sekondari, mwaka wa mtihani, na nilikuwa bado nalala kitanda kimoja na mdogo wangu wa kike wa miaka kumi. Nyumbani tunamwita Wakili. Alipokuwa na miaka mitatu alinyimwa sukari, akadai aelezwe sababu, na tangu siku hiyo jina likamkaa. Wakili hulala kama anavyoongea: hana kituo, na anatumia viungo vyote. Nina alama ya kisigino chake ubavuni ambayo mahakama yoyote ingeipokea. Kusoma ndiyo usiseme. Ukifungua kitabu naye anafungua mdomo.

Lakini kando ya jiko tulikuwa na stoo. Ndogo, ndiyo, ila ina dirisha la kweli linaloingiza upepo wa kweli. Chumba kizuri kabisa kilichogeuzwa kaburi la vitu ambavyo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuvizika.

"Mama," nikasema, "naomba stoo."

"Ukaipeleke wapi?"

"Nilale humo."

Mama alikuwa na pini mbili mdomoni, akazitoa ili acheke vizuri. Kisha akaniangalia, akaona sichekeshi.

"Haya," akasema. "Imebaki wiki sita shule zifunguliwe. Iondolee takataka zote, halafu ikae tupu mpaka siku ya kufungua. Nikikuta tupu, kitanda kinaingia. Nikikuta mmeanza tena kurundika humo vitu vyenu, ni stoo, na itakufa stoo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Wakili alikuwa chini ya meza ya cherehani anaokota vifungo. Hakutoa neno. Mtoto ambaye hajawahi kunyamaza ananyamaza, na mtu mwenye akili angejiuliza kulikoni. Mimi nilikuwa bize, napima kitanda kwa macho.

Kuitoa mizigo ile stoo kulinila siku mbili. Nilikuta feni isiyo na mapanga, taa isiyo na chemni, na kiatu kimoja ambacho kila mtu aliapa si chake. Gari la taka likapata riziki. Meza ya miguu mitatu Baba akaililia. "Hiyo msiitupe, nitaitengeneza," akasema, kwa sauti ileile aliyoisemea nikiwa darasa la pili. Tukaiegemeza nyuma ya nyumba. Yakabaki mablanketi saba mazito, ambayo msimu wa joto hutaki hata kuyaangalia. Yangeniponza. Nikazunguka nayo kichwani siku nzima, mpaka nikakaa kwenye kochi kufikiri, na kochi likanijibu: sponji zake zilikuwa zimekonda kama biskuti. Nikafungua zipu za mito, nikayakunja mablanketi, nikayashindilia ndani. Kochi likanenepa. Ni kweli ukikaa hapo unatokota, lakini mgeni asiyekaa sana naye ni baraka.

Baba kwa upande wake akawa amechora nyumba nzima. Masufuria, mwiko, ufagio, ndoo, pasi. Kandambili zilichorewa nyayo mlangoni, jozi nne, kama familia imesimama pale ikatoweka. Jirani mmoja akaja kuazima kijiko, akavua viatu vyake juu ya kivuli cha Mama, na Baba akamwomba kwa heshima zote avisogeze. Mkasi ulipata heshima ya peke yake ukutani, umechorwa umefungua mdomo.

Sheria zilikuwa chache, akazitangaza amesimama, brashi sikioni. Chenye kivuli kina haki ya kukaa. Kisicho na kivuli kinatoka. Saa kumi na mbili jioni ni ukaguzi, na pakiwa na kivuli kitupu, hakuna kula mpaka kilichopotea kionekane.

"Hata wewe?" Wakili akauliza.

"Hata mimi. Gereji hakuna mkubwa."

Wiki ile ile akaingia Bibi, mama yake Baba. Kila joto likipanda huja kwetu, maana kwake bati linakaanga watu. Alikuja na fimbo yake na gunia ambalo hajawahi kulifungua mbele ya mtu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Pokea mzigo, uache kunikagua."

Hata hajakaa, Baba akawa ameshika mkono wake na ile fimbo, ameviegemeza ukutani, anachora.

"Mwanangu, ndiyo kwanza nafika," Bibi akasema, "unanipima jeneza?"

"Ni fimbo tu, mama."

"Ndivyo wanavyoanza. Wanaanza na fimbo, wanamalizia na mwenye fimbo."

Nisiwe mchoyo wa sifa: nyumba ilitulia. Mkasi haukupotea tena hata nusu saa. Nikaanza kuota nimelala chali, mikono nimeitanua, hakuna wa kunipiga teke.

Halafu jioni moja, wakati wa ukaguzi, Baba akafungua mlango wa stoo na kukuta ringi ya baiskeli imening'inia msumarini. Ringi tupu, haina tairi wala baiskeli. Kuizunguka pale ukutani palikuwa na duara jeupe, safi kuliko chochote alichowahi kuchora yeye.

"Ya nani hii?"

"Yangu," Wakili akasema.

"Itoke," nikasema. "Stoo inatakiwa kuwa tupu."

"Chenye kivuli kina haki ya kukaa," Wakili akasema. "Nani alisema?"

Baba akaliangalia lile duara kwa muda. Niliona moyo wake wa fundi ukiyeyuka. "Kweli ina kivuli," akasema, "tena kizuri."

Nikakimbilia barazani. "Mama, wameanza kurundika."

Mama akaja, akatazama. "Hii haijarundikwa," akasema. "Imetundikwa. Tusubiri siku ya kufungua tuone."

Basi ukawa mlango wa mafuriko. Wakili akaleta boksi la vizibo vya soda na mwavuli uliovunjika mbavu, kila kimoja na kivuli chake. Bibi akaona, naye akaomba brashi, gunia likapata makazi pembeni. Mama mwenyewe, hakimu wangu, akaleta katoni ya makaratasi anayokatia mitindo, akaizungushia rangi haraka haraka kama mtu anayeiba. Nilipomtazama akasema, "Ni ya siku mbili tu." Mwisho Baba akaingia kinyumenyume akivuta ile meza ya miguu mitatu, eti nje jua linaipinda. Akaegemeza ile pembe isiyo na mguu kwenye dirisha langu, akapiga magoti, na kwa uaminifu wote wa gereji akachora sakafuni miraba minne ya miguu.

Nilikaa kwenye kochi langu la mablanketi nikajihurumia hadi nikalowa jasho. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Kisha nikakumbuka alichochora Baba, nikahesabu tena kwa vidole, nikaanza kucheka peke yangu.

Saa kumi na mbili Baba akapita na ukaguzi wake. Jikoni sawa, mlangoni sawa, stoo akachungulia. "Vyote vipo," akasema. "Tukale."

"Baba," nikasema, "hapo pana kivuli kitupu."

"Wapi?"

"Mguu wa nne."

Baba akautazama ule mraba, mtupu, mweupe, unang'aa.

"Mguu huo haupo," akasema.

"Ndiyo maana kivuli ni kitupu."

"Haupo tangu zamani."

"Kwa hiyo umepotea kabisa."

Mama alisimama mlangoni na upawa mkononi. "Mnataka kuniambia wali wangu unapoa kwa ajili ya mguu wa meza?"

Wote tukamgeukia Wakili, kwa sababu ndani ya nyumba ile sheria ilikuwa imeshahamia kwake. Nikaona anavyopata tabu. Kunisaidia hakutaka. Lakini sheria anaipenda kuliko anavyonichukia.

"Kivuli kitupu, hakuna kula," akasema taratibu. "Hata yeye. Gereji hakuna mkubwa."

"Uchoreni basi huo mguu ukutani tule," Bibi akasema, "nina njaa mimi."

Baba akachukua msumeno. Kulikuwa na boriti nyuma ya nyumba, akaikata, akairanda, akapigilia, huku Mama akimmulikia na Bibi akimsomea muda kila dakika tano. Saa mbili kasoro meza ikasimama yenyewe kwa mara ya kwanza tangu nijue kusoma. Mama akaiegemea kwa mikono miwili, haikutikisika. Akaiegemea tena.

"Hii inalala barazani kuanzia kesho," akasema. "Miaka yote nakata vitambaa sakafuni kama mtu anayetafuta pete."

Meza ikaondoka, ikaenda zake. Kesho yake nikapiga misumari sita nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi, nikatundika makaratasi ya Mama kwa vibanio vya nguo, kila mtindo unaonekana bila kupekua. Katoni ikaondoka. Gunia la Bibi lingeondoka na Bibi mwenyewe, ambaye alikuwa anarudi kwake asubuhi ya kufungua shule. Nikabaki na adui mmoja.

"Wakili, toa vitu vyako."

"Kwa kifungu gani?"

"Kwa kifungu cha mimi ni dada yako."

"Hicho hakijapitishwa."

Nikamwahidi pipi, akakataa. Nikamwahidi kumfanyia hesabu mwezi mzima, akasita, akameza mate, akakataa. Ringi mbovu, vizibo, mwavuli uliokufa: hakuna hata kimoja alichokuwa anakitumia. Nikaenda kumlalamikia Bibi, aliyekuwa amejinyoosha kwenye mkeka, anajipepea kwa mfuniko wa sufuria ambao ilibidi urudi kabla ya saa kumi na mbili.

"Mtoto huyu ana roho mbaya," nikasema.

"Umemuuliza anatoa lini," Bibi akasema, "au umemuuliza anataka nini?"

"Anataka kunikomoa."

"Mke mwenzangu, una elimu nyingi lakini hujui kuuliza." Akajipepea. "Haya, tuyaache. Chenye kivuli si ndicho chenye haki?"

"Ndiyo."

"Sasa wewe kivuli chako kiko wapi?"

Nilimtazama yule bibi nikatamani kumbusu. Jioni ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, Mama akiwa ameenda kukabidhi sare na Wakili ametumwa dukani, nikalala chali kwenye sakafu ya stoo, pale ambapo kitanda kingekaa. Bibi akainama juu yangu na brashi, fimbo mkono wa pili.

"Tulia. Ukicheka nakuchora na tumbo la mimba."

"Bibi, rangi inaingia sikioni."

"Ya sikio haina gharama. Tanua mkono."

Rangi ya mafuta na joto lile, nusu saa tu imekauka. Nikaenda jikoni kukoroga mboga kama mtu asiye na habari.

Saa kumi na mbili. Jikoni sawa. Mlangoni sawa. Nikasikia mlango wa stoo unafunguliwa.

"Njooni," Baba akaita.

Sakafuni alikuwepo mtu mweupe mwembamba, mikono ameitanua, kichwa kimepinda kidogo kwa sababu ya kicheko. Mtupu.

"Kivuli cha nani hiki?"

"Kitupu," Mama akasema. "Usiniambie tena hatuli."

Nikauweka chini mwiko, nikapita katikati yao, nikalala ndani ya mistari. Nilienea vizuri, isipokuwa sikio.

"Kilichopotea kimepatikana," nikasema nikiwa nimelala. "Baba, chenye kivuli kina haki ya kukaa. Na kila jioni kinatakiwa kiwe mahali pake. Mahali pangu ni hapa."

Baba akajikuna kwa ncha ya brashi. Alikuwa anajitahidi kuwa na uso wa ukaguzi, na uso ulikuwa unamshinda. "Mama watoto," akasema, "gereji hii ingepita."

"Mimi nilisema tupu," Mama akasema. Lakini alikuwa anatazama kuta, si mimi. "Hiyo ringi na hayo maboksi je?"

Wote tukamgeukia Wakili. Nilimsubiri aanze na vifungu vyake. Alikuwa amesimama mlangoni na mkate aliotumwa, ameukumbatia hadi umebonyea.

"Vyangu vilitangulia," akasema.

"Vya nini hivyo, mwanangu?" Mama akamuuliza. "Ringi haina hata baiskeli."

"Vya kujaza." Akaubana mkate zaidi. "Stoo ikijaa, haendi. Mimi nitalala na nani?"

Nikabaki pale sakafuni natazama dari. Wiki sita nilimsoma yule mtoto kama adui, na mwenzangu alikuwa anajenga ukuta kwa vizibo vya soda ili nisiende umbali wa hatua saba. Bibi alinigusa unyayo kwa fimbo, polepole, kama mtu anayemkumbusha ng'ombe kwamba njia ni hii.

"Wakili," nikasema, "njoo ulale hapa."

"Wapi?"

"Pembeni yangu. Bibi, brashi ipo?"

"Ipo, na mkono bado una nguvu."

Akaja, akajilaza akiwa bado na mkate. "Ni kila siku?" akauliza.

"Ijumaa na Jumamosi. Siku nyingine nasoma."

"Na siku ya radi."

"Na siku ya radi."

"Na nikiota vibaya."

"Usiniongezee vifungu. Na miguu ielekeze ukutani, ichorwe hivyo hivyo, nataka iwe sheria."

Bibi akamzungushia rangi. Wakili akasimama, akakikagua kivuli chake, akasema kidole gumba cha kushoto hakikutendewa haki, kikarekebishwa. Kisha bila kuambiwa akateremsha ringi msumarini. Boksi la vizibo akalibeba tumboni. Mwavuli akampa Baba autengeneze, na Baba akasema atautengeneza, kwa sauti ile ile, na Mama akamwangalia, na Baba akasema, "Kesho. Nimesema kesho."

"Ingizeni kitanda," Mama akasema. "Halafu tule, maana nyumba hii siku moja itaniua kwa mpangilio."

Asubuhi Bibi akaondoka na gunia lake, bado halijafunguliwa. Baba alitaka kufuta kivuli cha fimbo yake pale ukutani, akazuiwa. "Acha," Bibi akasema, "nitarudi joto lingine. Ukikifuta nitajua umenifuta na mimi."

Jioni ile Baba akapita na ukaguzi. Jikoni sawa, mlangoni sawa. Kwenye chumba changu, si stoo tena, alinikuta kitandani na kitabu, akapiga saluti. Kisha akafika kwenye kivuli cha fimbo, akasimama. Kitupu.

"Hakuna kula," Wakili akasema nyuma yake, kwa huzuni ya mtu anayejua kuna wali.

Baba akafikiri. Akatoa simu, akapiga.

"Mama, shikamoo. Fimbo iko wapi?"

Sauti ya Bibi ikasikika hadi kwangu. "Ninayo mkononi, iwe wapi tena? Mmekula?"

"Imepatikana," Baba akatutangazia, na tukaenda kula.

Tangu hapo, kila siku saa kumi na mbili, baba yangu humpigia mama yake simu kuulizia fimbo. Zamani alikuwa anampigia sikukuu kwa sikukuu. Bibi naye ameshazoea. Siku Baba akichelewa dakika tano, yeye humtangulia kupiga, na kabla hata ya salamu husema ipo, ipo, kaleni.